Kichwa cha Bwana Harusi na Sufuria ya Maharagwe

Wiki iliyopita binti yangu aliniambia kofia ninayoifuma ni kubwa, na mimi nikanuna. Nilinuna kweli, bwana, kununa kwa mtu mzima: tangu adhuhuri mpaka alasiri nikawa namjibu "mm" tu, na chai nikainywa peke yangu upande wa nyuma. Tulikuwa hapa kwangu Utange, yeye kashika simu yake, mimi nimeshika uzi wangu, na mtoto wa watu hakufanya kosa lolote. Alipima, akabonyeza namba mbili tatu kwenye simu, akasema, "Mama, hii itamwingia mpaka masikioni." Kilichoniuma zaidi ni kwamba habari ya namna hiyo niliwahi kuipeleka mimi mwenyewe kwa mtu mzima, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nyumbani kwa nyanya yangu Kisauni. Na karibu initoe roho.

Keti basi nikusimulie, maana tangu siku ile sina ninalowaza ila hilo.

Nyumba ya nyanya ilikuwa nyuma ya soko la Kongowea, karibu kiasi cha kusikia mikokoteni ikipita alfajiri na wachukuzi wakipigiana kelele za kupishana. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Shanzu, akirudi siku zake za mapumziko, kwa hiyo mimi nililelewa na nyanya pamoja na khalati, mdogo wake mama, ambaye siku hizo alikuwa bado hajaolewa. Tulikuwa wanawake watatu, paka mmoja na sufuria nyingi. Sufuria hizo nitazirudia.

Nyanya alikuwa fundi wa kofia. Si zile za kudarizi, ambazo wenyewe wanazijua, bali kofia nyeupe zenye maua, za kufuma kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano ya kroshia, ile fupi yenye mdomo uliopinda. Alikaa ukumbini juu ya mkeka, mgongo ukutani, miguu kainyoosha, na mtungi wa maji ubavuni. Mimi nikitoka shule nilifagia ua, nikateka maji kwa muuza maji aliyepita na mitungi yake, nikampelekea chai ya tangawizi, kisha nikakaa karibu yake nimshikie kibumba cha uzi kisibingirike mpaka mlangoni kwa paka. Harufu ya uzi mpya mpaka leo inanirudisha pale pale. Hunuka kama duka lililofunguliwa asubuhi.

Kofia ya namna hiyo ina sehemu mbili tu. Juu kuna duara bapa, nyanya akiliita kisahani, na pembeni kuna ukuta unaoshuka wima. Kisahani ndicho kila kitu. Unaanza katikati na tundu dogo, unazunguka, unaongeza, unazunguka tena, na kila mzunguko kisahani kinapanuka. Ukiacha kuongeza, hapo ndipo ukuta unapoanza. Ukiacha mapema kofia inambana mwenyewe mpaka anaumwa kichwa msikitini, ukichelewa inamshukia machoni. Kazi yote ni kujua uache wapi.

Na nyanya alijua. Mtu akija kutaka kofia, alizungushiwa uzi kichwani, juu ya masikio na katikati ya paji, ukakatwa pale ulipokutana. Uzi ule nyanya aliukunja mara tatu sawasawa, akaubana kwa vidole, kisha akapunguza upana wa ukucha wa kidole chake cha mwisho. Urefu uliobaki ndio upana wa kisahani. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini ukucha. "Ndivyo vichwa vilivyo," alinijibu kila mara, na mazungumzo yamekwisha.

Nyuzi hazikutupwa. Kila moja ilifungwa mafundo yake, ikawekwa katika mkebe wa biskuti uliokaa juu ya kabati, na vichwa vyote vya mtaa vilikuwa mle. Fundo moja mwadhini. Mawili muuza nyama. Mawili yaliyokaribiana na moja la mbali, mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwanamume alikuwa haji mara ya pili kupimwa, anatuma salamu tu kwamba ile ya zamani imechakaa, na nyanya anaingiza mkono mkebeni, anapapasa, anatoa kichwa chake.

Sasa sufuria. Kofia ikishamalizika ilifuliwa, ikatiwa wanga, ikavikwa juu ya sufuria iliyofudikizwa ili ikauke na umbo lake. Kwa hiyo kila kichwa kilikuwa na sufuria yake. Mwadhini, aliyekuwa na kichwa kikubwa kuliko wote mtaani, alikuwa sufuria ya chai. Wengi walikuwa sufuria ya maziwa. Watoto wa chuo walikuwa vikopo na mabakuli. Karibu na Idi nyumba yetu ilikuwa haina cha kupikia, tukala mikate ya kununua na viazi vya karai kwa siku tatu, na jirani akija kuazima sufuria nyanya alimwambia, "Hiyo ina mtu." Jirani alikwenda zake bila kuuliza zaidi.

Katika darasa mimi nilikuwa wa kawaida tu, ila mwalimu wetu wa hesabu, kijana wa bara aliyekuwa akitokwa na jasho tangu Januari mpaka Desemba, alikuwa na mtindo wa kutupa kazi za likizo za ajabu. Likizo ile ya Aprili alitwambia tupime vitu kumi vya duara nyumbani kwetu, mzingo kwa uzi na upana kwa rula, kisha tugawanye. Nikapima sufuria zote. Nilikuwa na daftari zima la sufuria: ya maziwa upana kumi na nane, ya chai kumi na tisa, ya maharagwe ishirini na moja, ile ya pilau ya shughuli hata rula ilishindwa. Na kila nikigawanya napata tatu na kidogo. Tatu na kidogo, tatu na kidogo. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba hiyo tatu na kidogo ni ishirini na mbili juu ya saba, nasi tukaiimba. Mimi niliiimba bila kujua kwamba nyanya alikuwa nayo kwenye ukucha.

Basi likizo hiyo hiyo khalati akaposwa.

Mchumba alikuwa mtu wa Likoni, mfanyakazi wa Changamwe kwenye maghala, mpole, mwenye kupenda kucheka, ndivyo tulivyoambiwa. Nikahi ikapangwa Ijumaa baada ya alasiri, msikiti wa mtaani kwetu, na nyanya akasema kofia ya mkwewe ataifuma yeye. Hakuna aliyethubutu kusema vinginevyo. Lakini kulikuwa na jambo. Macho ya nyanya yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na Ramadhani iliyopita kofia ya muuza nyama ilitoka ikiwa na ua moja pungufu. Muuza nyama alinyamaza kwa heshima. Mkewe hakunyamaza. Maneno yakatembea kisimani, yakaingia kila ukumbi, yakamfikia na nyanya: bibi haoni tena, wampa kazi kwa kumwonea huruma.

Aliposikia hakugomba. Alifuma siku nzima, kisha jioni akasema na sisi wawili, mimi na khalati. "Kofia ya mkwe wangu ndiyo itakayosema kama macho yangu yangaliko au hayako. Itaonwa na Kisauni nzima na Likoni nzima. Ikitoka mbaya, wallahi sindano naiweka chini, siishiki tena."

Khalati alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Tulijua hasemi mzaha. Bila sindano ile sijui nyanya angefanya nini na mikono yake, maana hata akilala vidole vilikuwa vikitembea.

Kichwa cha mchumba kilikuwa hakiwezi kuja kwetu kabla ya nikahi, kwa hiyo uzi ndio ulikwenda Likoni. Aliupeleka jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja aliyependa sana kutumwa, akavuka feri asubuhi na akarudi jioni na uzi umefungwa kwenye ncha ya leso, pamoja na salamu nyingi na kifurushi cha kashata. Nyanya akaupokea, akaukunja mara tatu, akatoa ukucha. Akautazama kwa vidole. "Mume ana kichwa huyu," akasema. Akaanza kazi siku ile ile, Jumatatu.

Jumatano kisahani kilikuwa kimekwisha na ukuta umeshashuka nusu. Kilikuwa kizuri! Maua yamepangana, hakuna pungufu hata moja. Alikuwa akihesabu kwa kidole gumba, kwa sauti ya chini, na mtu akimsemesha katikati ya hesabu hamjibu. Mimi nilikuwa nimemaliza kazi yangu ya shule na rula bado nilikuwa nayo mkononi, na mtoto mwenye rula hupima kila kitu. Nyanya aliingia kutia udhu. Nikaiweka rula juu ya kisahani. Ishirini na moja.

Ishirini na moja nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Nikaipiga hesabu hata hivyo, ishirini na moja mara ishirini na mbili gawanya kwa saba, na ikatoka sitini na sita bila hata kubakia. Nikapanda kiti nikauteremsha mkebe, nikautoa uzi wa mwadhini, nikaupima: sitini. Yaani bwana harusi wetu alikuwa na kichwa cha kumshinda mwadhini kwa vidole vinne. Nikajaribu kumfikiria mtu huyo akipita mlangoni.

Khalati alikuwa jikoni akikuna nazi. Nikamnong'oneza, "Khalati, mchumba wako kichwa chake kikubwa?"

"Kwa nini?"

"Kikubwa kumshinda mwadhini?"

Akacheka mpaka mbuzi ya nazi ikayumba. Kisha akaona sicheki. Nikamweleza. Aliacha nazi, akafuta mikono, akanivuta chumbani, akafunga mlango, akatoa sanduku chini ya kitanda. Chini kabisa, ndani ya kanga mpya ambayo hajaivaa, kulikuwa na kapelo. Kapelo ya buluu, ya mwanamume, imefifia utosini, na nyuma ina kile kikanda chenye vitundu vya kupunguza na kuongeza, kimebanwa tundu la nne ambalo limelegea kwa kuzoeleka.

"Alinipa siku moja ya mvua," alisema khalati. "Ukimwambia mtu nakuua."

Halikuwa jambo dogo, mwenzangu. Siku hizo na nyumba ile, msichana kuwa na kofia ya mwanamume sandukuni ni kesi ya wiki nzima. Niliapa. Nikazungusha uzi mpya ndani ya kapelo, nikaukata, nikaupima: hamsini na saba. Kichwa cha kawaida kabisa. Kichwa cha sufuria ya maziwa.

Nikakaa na uzi ule mfukoni jioni yote, na nakwambia kweli, sikula. Nikimwambia nyanya, mjukuu wake mwenyewe ndiye atakayekuwa amemwambia kwamba macho hayako, na sindano ataiweka. Nisipomwambia, Ijumaa bwana harusi atakaa mbele ya kadhi na kofia imemfika kwenye nyusi, Kisauni nzima na Likoni nzima zinaangalia, na sindano ataiweka vilevile, pamoja na aibu juu. Khalati naye alikuwa kanikazia macho kila nikigeuka. Nilimwomba Mungu anitie homa.

Alhamisi asubuhi homa haikuja. Nyanya alikuwa ameshakaa mkekani, sindano inakwenda. Mikokoteni ilikuwa imetulia, jua linaingia mlangoni. Nikaenda jikoni, nikachukua sufuria ya maziwa na sufuria ya maharagwe, nikaziweka mbele yake zimefudikizwa.

"Nyanya."

"Ee."

"Kofia yakaa kwenye sufuria ya maharagwe."

Sindano ikasimama. Nikaichukua ile kofia mapajani mwake, sindano inaning'inia, nikaivika juu ya sufuria ya maharagwe, nikashika mkono wake nikauweka juu. Kofia ilikaa sawasawa. Kisha nikaivika juu ya sufuria ya maziwa, nikauweka mkono wake tena. Hapo ilipwaya, ikazunguka yenyewe.

Nyanya alipapasa sufuria ya maharagwe kuanzia juu mpaka mashikio. Alirudia. Nilisikia khalati jikoni ameacha kufanya alilokuwa akifanya.

"Sufuria hii twapikia watu kumi na wawili," akasema nyanya polepole.

"Abee, nyanya."

"Na mimi nataka kumvisha mtu mmoja."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilifikiri analia, nikataka kulia na mimi, kumbe anacheka, alicheka mpaka kikohozi kikamshika nikampa maji. Lakini alipokwisha kunywa alijifuta macho kwa ncha ya leso, na akayafuta muda mrefu kuliko kicheko kinavyohitaji. Hilo nililiona. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona.

"Uzi wa kweli uko wapi?" akauliza.

Nikampa. Akaukunja mara tatu, akatoa ukucha. "Huu umeutoa wapi?"

"Nimepiga hesabu," nikasema.

"Hesabu gani?"

"Ya shule. Ishirini na mbili juu ya saba."

Nyanya akauleta uzi puani, akaunusa. Macho yalikuwa na ukungu, ila pua haikuwa na neno. "Hesabu ya shule," akasema, "mbona yanuka mafuta ya nywele ya kiume?"

Jikoni sufuria ikaanguka. Nyanya alingoja kelele ziishe, kisha akaurudisha uzi mkononi mwangu bila kugeuza uso upande wa jikoni. "Haya. Hesabu yako nzuri," akasema. "Twende kazi."

Uzuri wa kufuma, ukikosea unafumua. Tulifumua ukuta wote, kazi ya siku mbili ikarudi kuwa kibumba mikononi mwangu, uzi umejikunjakunja kama tambi. Ikabaki swali la kisahani: kurudi nyuma mizunguko mingapi? Nyanya angeweza kukisia. Badala yake akaniuliza mimi. Kisahani kilikuwa na mizunguko kumi na minne na upana ishirini na moja, kwa hiyo kila mzunguko umeongeza sentimita moja na nusu. Tulitaka kumi na nane. "Miwili," nikasema. "Tufumue miwili tu, nyanya, mzunguko wa kumi na mbili ndio wa mwisho." Akafumua miwili. Nikaipandisha rula, ikasema kumi na nane, na furaha niliyoipata siku ile mtihani wowote haujanipa tena.

Siku nzima tulifanya kazi hiyo. Yeye alifuma, mimi nilihesabu kwa sauti, kitundu kwa kitundu, na khalati, aliyekuwa mwenye adabu ya ajabu siku ile, alituletea uji, kisha mbaazi, kisha juisi ya ukwaju bila kuombwa. Mwangaza ulipoondoka mlangoni ukuta ulikuwa umekwisha. Ijumaa asubuhi ikafuliwa, ikatiwa wanga, ikavikwa juu ya sufuria ya maziwa na kuwekwa uani juani, nami nikawekwa hapo kwenye kigoda kumzuia paka. Wageni waliofika mapema walikunywa chai ya rangi na mahamri. Walipouliza maziwa, nyanya aliwaambia sufuria ina mtu.

Nikahi sisi watoto tuliitazama kupitia dirisha la msikiti. Bwana harusi aliingia akiwa kichwa wazi, akavishwa kofia na mjomba wake mlangoni, na ikamkaa. Haikumbana, haikumpwaya, maua yamemzunguka vizuri juu ya paji, na mzee mmoja wa Likoni nilimsikia akiuliza imefumwa na nani. Nilikimbia nyumbani kumwambia nyanya neno hilo kabla ya mtu mwingine. Alikuwa amekaa na wanawake, akanishika mkono tu, akaukaza.

Na hapo ndipo nilipopata jibu la hesabu ambalo lilikuwa likinisumbua, kwamba uzi wa sentimita hamsini na saba ulipataje kuwa sitini na sita. Mama wa bwana harusi alikuwa akila biriani kwa raha zote. "Ilivyomkaa!" akasema. "Uzi nilimpimia mwenyewe. Nikaongeza na vidole vitatu vya heri, maana uzi wa harusi haukatwi kwa kubania."

"Na mie nilipokata," akadakia jirani yetu wa mlango wa pili, "nikaongeza vitatu vyangu. Nikasema watu wa Likoni wasituone sisi wa Kisauni wachoyo."

Unatujua. Kwetu kupima sawasawa ni ubahili. Muuza mchele asipotia nyongeza juu ya kibaba humrudii, muuza kitambaa naye lazima asogeze mkono mbele kidogo kabla ya kukata. Vidole vitatu huku, vitatu huku. Nikahesabu vidole vyangu chini ya leso ya nyanya, nikavipima kwa macho, zikatimia sentimita tisa. Nyanya alikuwa ameelewa kabla yangu. Macho yake yalikuwa yamekosea ua moja la muuza nyama, lakini uzi ule hayakuukosea hata kidogo, alifuma kile alicholetewa. Nilitaka kusimama niwaambie wote. Akanibana mkono.

"Alhamdulillahi," akawaambia wale wawili, sauti tamu. "Heri yenu ndiyo iliyomkaa."

Mke wa muuza nyama alikuwa amekaa karibu na sinia. Wiki iliyofuata alileta uzi, na safari hii akaniambia mimi nipime.

Baada ya harusi, Jumamosi, nyumba imetulia na khalati ameshakwenda kwake na kapelo yake kwenye sanduku, nyanya aliniita mkekani. Akanipa sindano. "Kuanzia leo kisahani ni chako, mimi nitashusha ukuta," akasema. "Anza weye." Ukuta haukutaka macho, ni kwenda tu, na vidole vyake viliujua. Sikumsikia tena akihesabu. Nilihesabu mimi, naye alifuma, miaka mingi, mpaka ukungu ukawa giza na bado maua yalipangana. Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wa hesabu habari ya ukucha. Alichukua chaki, akagawanya hamsini na saba ubaoni kwa tatu, kisha kwa ishirini na mbili juu ya saba, akatazama tofauti, akatazama ukucha wake mwenyewe. Mwisho wa muhula alikuja nyumbani kuagiza marvin, ile kofia nzito ya sufu, ya kumpelekea mamake huko bara kwenye baridi, na uzi alioleta ulikuwa umepimwa hasa, bila heri. Nyanya alimfundisha kwamba sufu hunyumbuka, kwa hiyo unatoa ukucha na kidole juu yake. Aliandika.

Leo pale penye nyumba yetu pana gorofa. Jirani wa mlango wa pili amekwenda, muuza nyama amekwenda, nyanya amekwenda siku nyingi, Mungu awarehemu. Kofia zinakuja kwa makatoni, kubwa, ndogo na ya kati, na kichwa chako ndicho kinachotakiwa kutafuta pa kuingia. Mkebe ninao mimi. Siku moja moja huufungua nikautoa uzi wa mwadhini, nikauzungusha juu ya meza, nao unakaa duara na ndani yake hamna mtu. Unaweza kucheka, lakini vichwa vile vyote navijua kuliko nyuso zao.

Kofia niliyonunia ni ya mtoto wa khalati. Naye anaoa, Ijumaa hii, na kichwa kakirithi kwa babake, hamsini na saba. Nilikunja uzi wake mara tatu mwenyewe, kwa mapenzi yote, nikafuma na miwani yangu puani. Baada ya alasiri, chai ilipokwisha na hasira ikawa haina pa kukaa, nilichukua rula kisirisiri. Kumi na tisa. Nilikuwa nimesahau kutoa ukucha. Miaka yote hii, na nimemvisha kijana wa watu sufuria ya chai.

Nikafumua mpaka katikati, kwenye lile tundu dogo. Kisha nikamwita binti yangu, naye akaja polepole, simu mkononi, akidhani ameitwa kugombezwa. Nikampa sindano.

"Kisahani anza wewe," nikasema. "Ukuta nitashusha mimi."

Sauti ilinitetemeka. Nikajua kwamba na ya nyanya ilitetemeka Jumamosi ile, ila mimi sikuisikia, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimepewa sindano. Binti yangu naye hakuisikia. Alikuwa ameshakaa mkekani, ameweka simu chini, anahesabu. Nikainuka nikaenda jikoni kuosha sufuria ya maziwa.